Nusu Saa Isiyo na Mwenyewe

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, majengo mengi ya shule yana shule mbili ndani yake. Asubuhi inaingia moja, yenye direkta wake, walimu wake na orodha yake ya watoto. Mchana inaingia nyingine, ina jina lake na direkta wake, inakalia madawati yaleyale na kuandika kwenye ubao uleule. Anayetaka kuelewa jinsi mtoto anavyoweza kupigwa wiki baada ya wiki bila mkubwa hata mmoja kujua, asianzie darasani. Asimame langoni, kwetu Nguba, karibu na saa sita na nusu, wa asubuhi wakitoka na wa mchana wakiingia. Barabara inayoteremka kwenda Ruzizi ya Kwanza, mpakani na Rwanda, imejaa pikipiki na akina mama wenye mizigo kichwani. Mashati meupe na buluu ya chini ni sare ya wote, huwezi kutambua nani ni wa shule ipi. Direkta wa asubuhi amekwisha kugonga kengele yake ya mwisho, wa mchana bado hajagonga ya kwanza. Sentinele anachunga madirisha na viti, kwa sababu hilo ndilo aliloajiriwa kuchunga. Kwa nusu saa hivi, mamia ya watoto hawana mwenyewe.

Mwanangu alikuwa darasa la nne, zamu ya asubuhi.

Niliyaona mashati kwanza. Kifungo cha pili kutoka shingoni kilikuwa kikirudi kimening'inia kwa uzi, au hakipo kabisa. Nikashona, kikang'oka tena. Mtoto akisema ni mchezo, unamwamini, kwa kuwa watoto kweli hucheza hivyo. Kisha jioni moja akatoka bombani na maji, bidoni ameishika kwa mkono wa kushoto, wakati yeye hutumia wa kulia kwa kila kitu. Nikamwambia avue shati. Ubavuni, chini ya kwapa, damu ilikuwa imevilia mahali pawili. Pa kwanza palikuwa peusi, pa pili palikwisha kugeuka manjano. Kuanguka mara moja, nilijiambia, hakungeacha alama za rangi mbili.

Alinyamaza mpaka wadogo zake waliposinzia, ndipo akasema. Ni kijana wa zamu ya mchana, mkubwa kwake kwa kimo na kwa miaka, anayewasubiri wadogo upande wa vyoo karibu na lango. Mwenye franka anatoa franka, mwenye andazi anatoa andazi. Asiye na kitu anapigwa kiwiko ubavuni, mahali ambapo shati linafunika. Nilipomwambia kesho nitafika shuleni, akaanza kulia, na hakuwa amelia alipokuwa akinieleza jinsi anavyopigwa.

"Mama, usikuje. Utakuja, halafu utarudi nyumbani, na mimi nitabaki pale."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza katika yote yaliyofuata, na mzazi mwenye shida kama yangu nitamwambia ayaweke mbele. Sisi wazazi tunapokwenda shuleni kwa ajili ya mtoto aliyepigwa, mara nyingi tunakwenda kuituliza hasira yetu. Tunasema, tunapaza sauti, tunasikika, tunarudi nyumbani tumepata nafuu. Mtoto anabaki pale. Basi nilimuuliza: nije namna gani? Alifikiri sana. Akasema nije wakati wenzake wako darasani, nisisimame uani wala kumwita kwa jina, na nisimuulize mtu yeyote mbele ya watoto. Nikakubali yote matatu. Nadhani usiku ule alianza kulala vizuri hata kabla sijafanya lolote, kwa kuwa jambo lilikuwa bado lake na yeye alikuwa ameshauriwa.

Ushauri mwingine ulikuja wenyewe, bila kuitwa. Baba yao alisema amrudishie, mwanaume hajifunzi vinginevyo. Namheshimu baba yao, na najua analosema limemsaidia yeye utotoni. Lakini mtoto wa miaka tisa hamrudishii wa kumi na tatu kwa mikono mitupu. Atarudisha kwa jiwe, na jiwe likishampata mtu kichwani hakuna atakayeuliza tena habari ya mandazi. Jirani yangu alitaka twende akina mama watano hadi langoni, tumshike yule kijana tumpe kofi mbele ya wote. Nimeona hayo yakitendeka. Kesho yake shangazi za yule aliyepigwa kofi wanakuja nao, na shule inafunga mlango kwa wazazi wote.

Ushauri wa tatu ulinitisha kuliko miwili ile. Ndugu mmoja wa familia, anayevaa sare, alisema nimwachie yeye. Atamchukua kijana, amweke mahabusu usiku mmoja tu, asiguswe, aogope tu. Alisema kwa upendo. Katika mji huu, mtu mwenye ndugu mwenye sare anajiona ana bahati. Nilimkatalia, na kwanza nilimkatalia kwa moyo: nilikuwa msichana wa shule Juni 2004, mji ulipoangukia mikononi mwa wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebutsi, na najua mtoto anavyojifunza kumtazama mtu mwenye sare. Pili nilimkatalia kwa sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai, na hakuna wa kupinga hilo. Aliyetimiza 14 lakini hajafika 18 ana mahakama yake, Mahakama ya Watoto. Usiku mmoja mahabusu wa kumwogofya tu ungekuwa kosa letu sisi. Na sheria hiyohiyo, kifungu cha 57, inadai nidhamu ya nyumbani na ya shuleni itolewe kwa namna inayomtendea mtoto kama binadamu. Kifungu hicho kinamlinda mwanangu, na kinamlinda pia aliyempiga.

Nilianza kwa mwalimu. Alinipokea mlangoni mwa darasa, mkono mmoja bado umeshika chaki, na nyuma yake watoto walikuwa wanne kwenye dawati la wawili, wengine chini kwenye sakafu. Tangu miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipokufa, ni sisi wazazi tuliowalipa walimu wa Kongo kwa ile tuliyoiita prime. Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure katika shule zote za Serikali, zikiwemo zinazosimamiwa na makanisa, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi. Sitajiunga na wanaoulaani uamuzi huo. Nawafahamu watoto wa Nguba waliokuwa wakichuuza karanga mpakani na leo wanasoma. Lakini watoto waliongezeka na vyumba vikabaki vilevile, na mwalimu ambaye zamani angeona kifungo kimeng'oka, leo anahesabu vichwa tu. Huyu hakuniambia uongo. Alisema, "Mama, ndani ya darasa nawaona. Nikishatoka hapa sioni tena." Kisha akasema tena, na hili lilikuwa la kunisaidia, kwamba wapo wengine wawili ambao mashati yao huchanika mara kwa mara.

Direkta wa asubuhi alikuwa mtu wa adabu. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yule kijana si mtoto wake, hayumo katika orodha yake, hana mamlaka naye. Nikarudi mchana kwa direkta wa pili. Naye akasema kwa adabu ileile kwamba tendo linafanyika kabla ya kengele yake, wakati hajapokea watoto. Kila mmoja kwa upande wake alisema kweli. Sikutoka pale nikidhani ni wabaya. Nilitoka nikijua kwamba nisipoandika, kweli hizo mbili zitabaki zikitazamana mpaka mwanangu amalize darasa la sita.

Barua ilikuwa nusu ukurasa, kwa Kifaransa, kwa kuwa ofisi za shule zetu husoma Kifaransa. Niliandika mahali: upande wa vyoo, karibu na lango. Niliandika saa. Niliandika alichofanyiwa mtoto na alama nilizoziona mwilini, rangi zake zikiwemo. Sikuandika neno lolote kuhusu tabia ya yule kijana wala malezi ya nyumbani kwao, kwa kuwa hayo sikuyaona. Mwisho nikaomba mambo matatu: mwalimu mmoja wa kila shule asimame langoni saa ya kubadilishana, madirekta wote wawili waketi pamoja nasi wazazi, na nijibiwe kabla ya tarehe fulani. Chini nikaandika majina ya waliopelekewa nakala: komite ya wazazi, COPA, ya kila shule. Mzazi ambaye hasikilizwi hapo ana ngazi nyingine juu yake. Shule za makanisa, tangu mkataba wao na Serikali wa 1977, zina ofisi ya uratibu ya kanisa husika, na shule zote ziko chini ya ofisi ya elimu ya Serikali katika eneo, Sous-Division. Mimi sikufika huko. Nilitoa nakala mbili kwa kila direkta, nikaomba moja inirudie na muhuri, saini na tarehe.

Hapo ndipo niliona jambo linahama. Direkta wa mchana alishika muhuri juu ya karatasi, hakuubonyeza. Akasoma barua upya, safari hii polepole, akaniuliza ni vyoo vya upande gani. Akabonyeza. Maneno yangu ya siku zilizotangulia yalikuwa malalamiko ya mama mmoja. Karatasi yenye muhuri wa shule ilikuwa kazi yake.

Watu hupenda kusema haya ni mambo ya shule maskini, na kwamba mwenye mtoto katika shule kubwa yenye sifa amepona. Si kweli. Mwanzoni mwa 2017 Kenya ilishtuka kusikia yaliyokuwa yakitendeka Alliance, shule ya wavulana karibu na Nairobi iliyofunguliwa 1926, iliyowalea viongozi wengi wa nchi hiyo. Wavulana wa kidato cha kwanza walikuwa wakipigwa usiku na wakubwa wao, viranja wakiwemo. Wizara ikapeleka wachunguzi, na mwalimu mkuu akastaafu mapema. Usiku wa bweni la Alliance na mchana wa lango la Nguba ni kitu kimoja: saa ambayo wakubwa wameiacha mikononi mwa mtoto mwenye nguvu. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti iliyokusanya habari za nchi nyingi, ikaonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alionewa na wenzake katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Hakuna bara lililosalimika.

Nilisoma pia habari za mtafiti Dan Olweus, na zilinipa nguvu siku ya kikao. Mwishoni mwa 1982, nchini Norwei, wavulana watatu walijiua baada ya kuteswa muda mrefu na wanafunzi wenzao. Mwaka uliofuata Serikali yao ikaanzisha kampeni katika shule zote, na Olweus, ambaye alikuwa amelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, akaandaa mpango wa kufuata katika shule za mji wa Bergen. Alitenganisha ugomvi wa kawaida na uonevu kwa mambo matatu: anayefanya anakusudia, anarudia, na ana nguvu ambazo mwenzake hana. Mpango wake haukuhitaji mashine wala fedha nyingi. Wakubwa wawepo uani wakati wa mapumziko, kanuni zijulikane na wote, anayeonea azungumziwe pamoja na wazazi wake, anayeonewa vilevile. Uonevu ulishuka karibu nusu. Hayo tunayaweza Bukavu. Kusimama langoni hakuhitaji umeme wa SNEL.

Kikao kilifanyika Jumamosi, katika darasa tupu. Mama wa yule kijana alichelewa. Aliingia na beseni tupu mkononi, kitenge kimelowa chini, akaomba radhi kwa madirekta kwanza, kisha kwangu. Direkta alipomaliza kusoma barua, mama huyo alisimama, akamgeukia mwanawe, akainua mkono. Alitaka tuone kwamba yeye ni mzazi mwenye nidhamu, kwamba hakulea jambazi. Nikasema, "Mama, hapana. Usimpige kwa ajili yangu." Mkono ukabaki juu kidogo, kisha ukashuka. Kijana alikuwa amefumba macho tayari, mabega yamepanda hadi masikioni, na kiwiko amekibana ubavuni kufunika mbavu, mahali palepale alipompiga mwanangu.

Sikuwa tayari kumhurumia, na nasema hivyo waziwazi. Ubavu wa mwanangu ulikuwa bado na rangi. Lakini niliketi nikamsikiliza mama yake. "Mimi navuka kila siku, Mama. Natoka giza bado liko, nauza ng'ambo, narudi jua likizama. Nyumba nafunga, maana wezi. Huyu akishawapeleka wadogo zake, anaenda kungojea shuleni." Direkta wa mchana akauliza anafika saa ngapi. Kijana akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: saa nne. Mtoto wa miaka 13 anakaa nje ya lango la shule kuanzia saa nne hadi saa sita na nusu, hajala, bila mkubwa, kisha linafunguka na wanatoka wadogo wenye mandazi.

Njaa haimpi mtu ruhusa ya kupiga mbavu za mwenzake, na nililisema hilo mezani. Wako watoto wengi Nguba wanaoshinda na njaa na hawampigi mtu. Ila sasa tulikuwa na jambo la kushika. Tuliafikiana kwamba wanaofika mapema waingizwe ndani, wakae na madaftari chini ya mti wa avoka, mbele ya ofisi, mahali anapoonekana kila aingiaye na atokaye. Mwalimu mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana wasimame langoni kwa zamu. Kijana alirudisha franka alizozichukua kwa mwanangu, kidogokidogo, kupitia mwalimu. Nilikataa pendekezo la kuwapeanisha mikono mbele ya darasa. Mtoto aliyepigwa halazimishwi kutabasamu ili wakubwa waone kazi imekwisha.

Haikukoma siku ileile. Kabla ya mitihani ya muhula kijana alimsukuma tena, akaanguka kwenye matope. Lakini safari hii mwalimu aliyekuwa zamu aliona, akaandika, na mimi nilipigiwa simu mchana uleule, kabla mtoto hajafika nyumbani. Hilo ndilo nililolitafuta tangu mwanzo. Sikuwahi kudhani shule yoyote itazuia kila msukumo. Nilitaka awepo mtu mkubwa anayeona na kuandika, ili mwanangu asiwe peke yake na anayoyajua.

Mwaka huo nilihudhuria mkutano wa COPA na kuomba jambo la usalama wa watoto liwekwe kati ya mambo ya kuzungumzwa. Huwa tunazungumzia paa, vyoo, na michango ambayo haikwisha kabisa licha ya elimu kuwa bure. Baba mmoja aliuliza kwa nini tupoteze muda na ugomvi wa watoto. Mama mmoja, ambaye sikumfahamu, alisimama akamjibu kwamba binti yake alihama shule kwa sababu hiyo na hakumwambia mtu. Akafuata mwingine, na mwingine. Walikuwa wamekaa mkutano baada ya mkutano wakihesabu mabati.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, nasikia sana hoja moja: hawa watoto wameona vita, ndiyo maana wanapigana. Ni kweli wameona. Walisikia risasi, walitazama maduka yakivunjwa na watu wazima wakibeba magunia, shule zikafungwa, na zilipofunguliwa baadhi ya madawati hayakuwa na mtu. Mtoto aliyeona hayo anahitaji kuzungumzwa naye, na shule zetu hazina watu wengi wa kazi hiyo. Lakini hoja hii nikiisikia ofisini, ikitumika kumrudisha mzazi nyumbani, naikataa kwa nguvu zangu zote. Mwanangu naye aliona vita hivyohivyo. Aliona kwamba mwenye nguvu anachukua anachotaka na hakuna wa kumuuliza. Akikuta jambo hilohilo nyuma ya vyoo vya shule, na wakubwa wakalieleza badala ya kulizuia, sijui nitamwambia nini kuhusu nchi hii.

Yeye sasa yuko sekondari, zamu ya asubuhi tena. Mdogo wake yuko katika shule ileile aliyosoma yeye. Septemba direkta wa mchana alihamishwa, na makubaliano ya langoni yakaondoka naye, kwa sababu hakuna aliyeyaandika katika kanuni za shule. Nilimpelekea direkta mpya nakala ya barua ile yenye muhuri, pamoja na karatasi ya kikao, nikamwomba safari hii yaingie katika kanuni, yasomwe kwa wazazi mwanzo wa mwaka. Alisema walimu hawatoshi kwa zamu ya kila siku, akauliza kama COPA inaweza kuleta wazazi. Tumepata wa Jumatatu, Jumanne na Ijumaa. Jumatano nimejiandikisha mimi. Alhamisi bado haina mtu.